Muhula Mmoja Nje ya Nchi: Mwongozo Kamili kwa Mratibu wa Mabadilishano ya Wanafunzi Vyuoni Mwanza

Ukikabidhiwa kazi ya kuratibu mabadilishano ya wanafunzi na vyuo vya nje, utaulizwa kwanza habari za viza na tiketi. Wanafunzi watauliza, wazazi watauliza, na mkuu wa kitivo naye atauliza. Mimi nakuomba uanze na kozi. Viza ikichelewa, safari inasogezwa mbele. Tiketi ikipanda bei, pesa inatafutwa. Lakini mwanafunzi akienda, akasoma muhula mzima, akafaulu, kisha akarudi Mwanza na idara yake ikamwambia kwamba alichosoma hakimo kwenye mtaala, hapo umemharibia mwaka. Wenzake wanavaa majoho, yeye anasubiri kozi za mwaka wa pili zirudi kwenye ratiba. Na habari hiyo ikishafika hosteli, mwaka unaofuata hupati mwombaji wa maana.

Nimeandika kwa ajili ya mhadhiri au afisa wa chuo cha hapa Mwanza aliyepewa kazi hii juu ya kazi zake nyingine, kama ilivyo kawaida. Mwanafunzi anayetaka kwenda naye asome, ajue nini kinafanyika nyuma ya pazia na wapi pa kuulizia. Hesabu mwaka mmoja na nusu tangu mazungumzo ya kwanza hadi mwanafunzi wa kwanza kuondoka. Mkataba ukiwa tayari upo, mwaka mmoja unatosha.

Hatua ya 1: Orodhesha ulichonacho

Vyuo vyetu vingi huingia kwenye mazungumzo haya kwa kuinama, utadhani vinaomba msaada. Hakuna sababu. Mwanafunzi wa sayansi ya majini wa Ulaya hana ziwa kama hili. Tanzania inamiliki karibu nusu ya Ziwa Victoria, na yote yanayosomwa vitabuni kuhusu sangara kubadilisha ziwa, uvuvi wa dagaa, magugu maji na kichocho, hapa yanaonekana kwa macho. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando inapokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa nzima. Kuna kituo cha taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na kituo cha utafiti wa uvuvi, TAFIRI. Geita na migodi yake ya dhahabu iko ng'ambo tu ya ziwa, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kusubiri kivuko.

Andika kurasa mbili, zisizidi. Taja idara zilizo tayari kupokea wageni, kozi zenyewe na idadi ya krediti zake, tarehe za kuanza na kumaliza muhula, mahali pa kulala, na jina la mhadhiri mmoja katika kila idara ambaye amekubali kwa kinywa chake kuwa mwenyeji. Bila huyo mhadhiri, karatasi hiyo haitazaa kitu.

Hatua ya 2: Tafuta mwenza unayemfahamu

Usitume barua pepe kwa vyuo hamsini. Anza na kamba zilizokwisha fungwa. Mwanza ina undugu na mji wa Würzburg, Ujerumani, tangu mwaka 1966, na pia na Tampere ya Finland tangu mwaka 1988. Undugu huo umejenga mahusiano ya kweli, hasa kati ya Bugando na Würzburg katika tiba, na ni mlango wa kugonga hata kwa idara nyingine. Kisha pita ofisi kwa ofisi uwaulize wahadhiri wenu walisoma wapi shahada ya uzamivu. Aliyesomea Ubelgiji au Sweden bado anawasiliana na msimamizi wake, na msimamizi huyo akisema neno moja kwenye idara yake, mambo yanasogea kwa wiki, wakati barua ya ofisi kwa ofisi ingekaa miezi.

Jambo ambalo wengi hulipita ni majirani wa ziwa. Maseno iko jirani na Kisumu, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kiko Bondo, Makerere iko Kampala. Ukipanda basi Mwanza asubuhi, ukapita Musoma na mpaka wa Sirari, Kisumu unafika siku hiyohiyo. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, limeshughulikia muda mrefu suala la kuhamisha krediti kati ya nchi zetu, na Mei 2017 wakuu wa nchi wa Jumuiya waliitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Ushauri wangu ni kwamba mabadilishano ya kwanza kabisa ya ofisi yako yawe ya kuzunguka ziwa. Gharama ni ndogo, mifumo ya kozi na mitihani inafanana na yetu kuliko ya Ulaya, na kosa likitokea mwanafunzi anarudi nyumbani kwa nauli ya basi.

Hatua ya 3: Pesa inaombwa na nani, na lini

Mpango unaotumika zaidi na vyuo vya Ulaya ni Erasmus+, ambao ulianzishwa mwaka 1987 ukiitwa Erasmus na kuhusu Ulaya peke yake. Siku hizi una sehemu inayogharamia wanafunzi na wahadhiri kutoka nchi zetu. Elewa utaratibu wake: anayeomba ni chuo cha Ulaya. Wewe huombi, ila unamwandikia mwenzako sehemu yako ya maombi. Dirisha kwa kawaida hufungwa mwezi wa pili, majibu hutoka katikati ya mwaka, na mradi hudumu miezi 24 au 36. Kwa hiyo ukianza mazungumzo Januari umeshachelewa. Mwandikie mwenza wako Septemba.

Mwanafunzi wetu anayekwenda kusoma hupewa kati ya yuro 800 na 900 kwa mwezi kulingana na nchi anayokwenda, pamoja na mchango wa nauli unaokadiriwa kwa umbali. Muda wa masomo ni kuanzia miezi miwili hadi kumi na miwili. Chuo kinachompokea hakiruhusiwi kumtoza ada ya masomo, usajili wala mitihani.

Kwa upande wa Ujerumani, DAAD, shirika lao la mabadilishano ya kitaaluma, lina ofisi ya kanda Nairobi. Mpango wa uhamaji wa ndani ya Afrika unaofadhiliwa na Umoja wa Ulaya nao hutoa nafasi, zaidi kwa uzamili na uzamivu.

Hatua ya 4: Mkataba

Hati ya makubaliano inayosainiwa mbele ya kamera haimpeleki mtu popote. Ni nia njema tu. Unachohitaji ni mkataba wa pili, mfupi, kati ya kitivo na kitivo, unaosema: wanafunzi wangapi kila upande kwa mwaka, wa ngazi gani, kila mmoja analipa ada chuoni kwake na hadaiwi ada ugenini, nani anatafuta chumba, nani analipia bima, na matokeo yatatumwa ndani ya muda gani. Erasmus+ inataka yatumwe ndani ya wiki tano; tumia hizohizo hata kwa mikataba mingine.

Weka pia kifungu cha uwiano. Mara nyingi wetu wanataka kwenda zaidi ya wao wanavyotaka kuja, na baada ya miaka miwili mwenza ananung'unika. Kubalianeni mapema kwamba wageni wawili wa kozi fupi ya wiki sita wanahesabiwa sawa na mwanafunzi mmoja wa muhula, na kwamba hesabu inafanywa kwa miaka mitatu, siyo kila mwaka.

Hatua ya 5: Kozi

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako. Kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, na mwaka wa masomo una krediti 120, yaani 60 kwa muhula. Ulaya wanatumia krediti zao ziitwazo ECTS: mwaka una 60, muhula una 30, na kila moja ni saa 25 hadi 30. Ukilinganisha kwa saa, ECTS moja ni krediti zetu mbili na nusu hadi tatu. Ukilinganisha kwa mwaka, ni krediti mbili. Njia zote mbili zina watetezi wake, na nimeshuhudia kikao cha kitivo kikiisha bila uamuzi kwa sababu hiyo tu. Mimi nasimama na hesabu ya mwaka: muhula mzima wa kule uhesabiwe muhula mzima wa huku, 30 kwa 60. Ni rahisi kuieleza seneti, na haimpi mwanafunzi krediti za ziada ambazo wenzake watazilalamikia. Seneti ipitishe kanuni hiyo mara moja, kwa maandishi, kabla ya kupokea ombi la mwanafunzi yeyote.

Kisha chukua kozi moja moja. Tuseme mwanafunzi wa Uchumi, mwaka wa pili, muhula wa pili, ana kozi ya takwimu yenye krediti 12. Chuo mwenza kina kozi ya takwimu yenye ECTS 6. Hesabu imekaa sawa, lakini usiishie kwenye jina. Pata muhtasari wa kozi yao, uuweke pembeni ya wetu, umwombe mhadhiri anayefundisha kozi hiyo hapa apige vema mada kwa mada. Robo tatu ya mada zikifanana, kozi inakubaliwa. Ikiwa haifiki, kuna njia tatu: mwanafunzi achague kozi nyingine kule, asome mada zilizobaki kwa mwongozo wa mhadhiri wa huku, au kozi hiyo iachwe aje kuisoma akirudi. Kozi za hiari ni nyepesi kulinganisha, zile za lazima ndizo zenye mgogoro. Kwa hiyo chagua muhula ambao mtaala wenu una kozi nyingi za hiari, hata kama si muhula anaoutaka mwanafunzi.

Matokeo ya kazi hiyo ni jedwali la ukurasa mmoja: kozi ya kule, ECTS zake, kozi ya huku inayofidiwa, krediti zake. Lisainiwe na mwanafunzi, mkuu wa idara yake, na mwenza wa kule. Saini ya mkuu wa idara ndiyo ngao ya mwanafunzi. Wakuu wa idara hubadilika, na anayekuja hana wajibu wa kukumbuka alichoahidi mwenzake kwa mdomo.

Suala la alama nalo liamuliwe kabla. Sisi alama ya juu ni 5, Ujerumani alama ya juu ni 1.0 na 4.0 ndiyo ya kufaulia kwa shida. Mwanafunzi aliyerudi na 1.3 amefanya vizuri mno, lakini karani asiyejua ataiona kama amefeli. Wajerumani wana kanuni ya kubadilisha: chukua alama ya juu kabisa, toa alama ya mwanafunzi, gawa kwa tofauti ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. GPA ya 4.4 kwetu, ambapo 5 ni ya juu na 2 ni ya kufaulu, inakuwa 0.6 gawa kwa 3, ni 0.2, mara 3 ni 0.6, jumlisha 1, unapata 1.6. Daraja la kwanza la huku linaangukia kwenye 1.6 ya kule, na kurudi nyuma ni hivyohivyo. Kama seneti haitaki hesabu hizi, basi kozi za nje ziandikwe kwenye transkripti kuwa amefaulu, zipewe krediti, na zisiingie kwenye GPA. Vyovyote mtakavyoamua, mwanafunzi aambiwe kabla hajaondoka, maana anayetafuta daraja la kwanza anaweza kuamua kutokwenda, na ana haki hiyo.

Mwisho, nenda ofisi ya usajili uhakikishe mfumo wa matokeo unamtambua huyu kuwa yuko kwenye mabadilishano. Usipofanya hivyo, siku za UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, mfumo utamwandika hakuhudhuria kwenye kila mtihani, na mwanafunzi anayesoma kwa amani ughaibuni atajikuta ameandikiwa disko, yaani kuondolewa masomoni, bila mtu kumkusudia mabaya.

Hatua ya 6: Linganisha kalenda

Mwaka wetu huanza Oktoba au Novemba, mitihani ya muhula wa kwanza huangukia Februari au Machi, na mwaka hufungwa Julai. Sweden, muhula wa pili huanza katikati ya Januari. Mwanafunzi anayekwenda wakati huo anakosa UE za muhula wa kwanza. Ujerumani, mihadhara ya kipindi cha kiangazi huanza Aprili na kwenda hadi Julai, na hiyo inakaa vizuri zaidi na muhula wetu wa pili. Lakini mitihani yao inaweza kusogea mpaka Agosti, ambapo wenzake wako kwenye mafunzo kwa vitendo. Omba idara imsogezee mafunzo hayo, kwa barua.

Kwa shahada ya miaka mitatu, muhula wa pili wa mwaka wa pili ndio unaofaa. Mwaka wa kwanza hajakomaa kitaaluma, mwaka wa tatu ana tasnifu na hakuna nafasi ya kurekebisha kitu kikienda kombo. Wanafunzi wa udaktari wanaokwenda hospitali za nje kwa wiki chache wana utaratibu mwepesi zaidi, maana hakuna kozi ya kufidia; kwao linalotakiwa ni barua ya hospitali, bima na chanjo ya homa ya ini.

Hatua ya 7: Uteuzi

Tangazo libandikwe ubaoni na litumwe kwa viongozi wa madarasa siku moja. Toa wiki tatu. Taja vigezo na uzito wake: matokeo, barua ya mwanafunzi, usaili. Kamati iwe na watu watatu angalau, mmoja kutoka nje ya kitivo, na alama za kila mmoja zihifadhiwe. Nafasi hizi zina macho mengi, na ukweli ni kwamba utapigiwa simu na watu wakubwa kuhusu kijana fulani. Karatasi za alama zikiwa kabatini, unajibu kwa heshima na unaendelea na kazi.

Kwenye usaili nina swali ninalolipenda: "Ukifika ukakuta kozi uliyoichagua imefutwa, utafanya nini siku ya kwanza?" Anayejibu kwamba atamwandikia mratibu na mkuu wa idara siku hiyohiyo, huyo anaweza kwenda. Angalia pia mtoto wa mkulima wa Ukerewe au Sengerema asipotee kwa sababu tu Kiingereza chake cha kuongea ni cha kusitasita. Darasani anafaulu, kuongea atazoea.

Kuhusu Kiingereza, vyuo vingi vya nje hukubali barua ya Msajili inayothibitisha kwamba masomo yetu hufundishwa kwa lugha hiyo, kwa hiyo omba hilo kabla ya kumgharimu mwanafunzi mtihani wa dola nyingi.

Hatua ya 8: Nyaraka

Tatizo namba moja ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ng'wandu, cheti cha kidato cha nne kinasema Mwandu, kitambulisho cha NIDA kinasema Ngwandu bila kile kikoma juu. Kwetu sote tunajua ni mtu mmoja. Ofisa wa ubalozi anaona watu watatu. Siku mwanafunzi anateuliwa, mwite na nyaraka zake zote, zipange mezani, soma majina herufi kwa herufi, na tarehe za kuzaliwa pia. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa hati ya kiapo kwa wakili. Kubwa huhitaji hati ya jina iliyosajiliwa au kurekebisha taarifa NIDA au RITA, wakala wa vyeti vya kuzaliwa, na hayo huchukua muda. Ndiyo maana kazi hii inafanywa kabla ya pasipoti, kwa sababu pasipoti hufuata NIDA, na viza, tiketi na akaunti ya benki vyote hufuata pasipoti.

Pasipoti ya kielektroniki inaombwa kwa mtandao wa Idara ya Uhamiaji, ada ni shilingi 150,000, na alama za vidole huchukuliwa ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Wataomba namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, cha mzazi au kiapo, na uthibitisho wa safari. Barua ya kukubaliwa na chuo cha nje pamoja na barua yako ya utambulisho zinatosha kwa hilo la mwisho.

Viza ya kawaida ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ni ya siku 90 zisizozidi ndani ya siku 180. Muhula mzima unazidi hapo, kwa hiyo mwanafunzi anaomba viza ya taifa ya muda mrefu ya nchi husika. Ujerumani huwataka wanafunzi wanaojilipia kuweka fedha kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, yuro 11,904 kwa mwaka tangu Septemba 2024. Mwenye barua ya ufadhili inayotaja kiasi na miezi haihitaji. Hakikisha barua hiyo inataja vyote viwili. Bima ya afya iwe ya kimataifa, na kwa viza ya Schengen isipungue yuro 30,000. Bima ya afya ya hapa nyumbani haivuki mpaka.

Balozi ziko Dar es Salaam, na baadhi ya nchi hushughulikia viza zetu kutoka Nairobi. Weka kwenye bajeti nauli ya basi kutoka Mwanza kwenda na kurudi, chakula na malazi, na uwezekano wa kuitwa mara ya pili. Familia nyingi zimepiga hesabu ya ndege ya Ulaya zikasahau hizi. Omba miadi ya ubalozi mara tu pasipoti inapotoka, hata kama nyaraka nyingine bado zinakuja.

Nakala za pasipoti na vyeti usizitume kwenye kundi la WhatsApp. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na hata kabla yake ilikuwa ni kumkosea mtoto wa watu.

Hatua ya 9: Boom, ada na pesa ya mwezi wa kwanza

Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anatakiwa kusaini ndipo boom, ile posho ya kujikimu, litoke. Akiwa nje, saini inakwama. Mwezi mmoja kabla ya safari, nenda naye kwa afisa mikopo wa chuo na barua inayoeleza kwamba mwanafunzi hajaahirisha masomo, yuko kwenye mabadilishano na bado amesajiliwa. Tofauti ya maneno hayo ni kubwa: aliyeahirisha mkopo wake unasimamishwa. Upate jibu kwa maandishi.

Ada ya huku anaendelea kulipa kama kawaida, na mwanafunzi anayedhani ufadhili umefuta ada ya chuo chake aelezwe mapema.

Shida kubwa kuliko zote za pesa iko kwenye wiki nne za kwanza. Ufadhili huwekwa kwenye akaunti ya benki ya kule, akaunti haifunguliwi mpaka awe na anwani, na anwani haipatikani mpaka alipe dhamana ya chumba. Mwulize mwenza wako waziwazi: siku anafika, atapewa nini mkononi? Vyuo vingi vinaweza kutoa sehemu ya kwanza kwa fedha taslimu au kulipia chumba moja kwa moja, ila vinasubiri kuombwa. Usimpandishe mwanafunzi ndege bila jibu la swali hilo na fedha za kujikimu mwezi mmoja.

Hatua ya 10: Wazazi

Waite wazazi au walezi chuoni. Wa mbali wapigie simu. Kijana hawezi kuondoka vizuri ikiwa nyumbani wana hofu, na hofu hizo zina msingi. Mwanafunzi mwenyewe aanze kwa ujumbe wa kawaida: "Shikamoo baba. Nimechaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja Ujerumani, kuanzia mwezi wa nne hadi wa saba. Chuo kinaomba uje Ijumaa tuzungumze na mwalimu. Mama naye akipata nafasi aje." Kwenye kikao sema gharama zote kwa shilingi, taja nani atapigiwa simu mtoto akiugua, na toa namba yako. Baba akiuliza, "Mwalimu, mwanangu atarudi?", mjibu kwa upole: viza ina tarehe ya mwisho, na kiti chake darasani kinamsubiri kwa sababu kozi zake zimesainiwa.

Mweleze pia mzazi kwamba ufadhili ni wa kula na kulala. Kijana akianza kuombwa kutuma pesa nyumbani mwezi wa pili, anaanza kuruka milo.

Hatua ya 11: Afya na baridi

Jambo moja ninalotaka kila mwanafunzi alikariri: ukipata homa ndani ya miezi mitatu ya kwanza, mwambie daktari sentensi ya kwanza kabisa kwamba umetoka eneo lenye malaria na unataka kupimwa malaria leo. Daktari wa mji wa Ulaya anaweza asiifikirie, akakupa dawa ya mafua, na malaria haisubiri. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iandaliwe angalau siku kumi kabla ya safari. Sasa inadumu maisha yote.

Koti zito linunuliwe Mlango Mmoja. Mitumba ya pale ina makoti yaliyoshonwa kwa ajili ya baridi yenyewe, kwa bei ambayo kule haipati hata glovu. Aprili bado ni baridi kwa mtu wa Mwanza.

Hatua ya 12: Wanaokuja kwetu

Mgeni wa muhula anahitaji kibali cha ukaazi cha Daraja C, kinachoombwa kwa mtandao, na barua yako ndiyo msingi wake. Akifanya utafiti anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Hilo huchukua muda, kwa hiyo aanze akiwa kwao. Wa udaktari aulizie mapema Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki, Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 inawapa njia nyepesi zaidi.

Wapangie mwanafunzi mwenyeji mmoja, umlipe posho ndogo. Huyo ndiye atakayewafundisha kupanda daladala, bei ya sato mwaloni, na kusema shikamoo. Wiki mbili za Kiswahili kabla ya mihadhara zinawafaa sana.

Na waambie ukweli kuhusu ziwa. Linavutia, mawe yanavutia, joto la mchana linakaribisha kuoga. Lakini kichocho kiko kwenye maji ya ufukweni yenye utulivu na majani, kwenye konokono, na kidudu hupenya kwenye ngozi ukiwa umesimama tu majini. Wasioge wala kutembea majini ufukweni. Aliyegusa maji hayo apimwe wiki sita hadi nane baadaye. Dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.

Hatua ya 13: Wakiwa huko, na kurudi

Wiki ya kwanza ndiyo ya mabadiliko ya kozi. Kozi hufutwa, ratiba hugongana. Mwanafunzi akibadilisha kozi hata moja, jedwali lisainiwe upya ndani ya wiki hiyo, na mkuu wa idara aambiwe kwa simu kwamba barua pepe iko njiani. Baada ya hapo mpigie mara moja kwa mwezi. Ongea naye kwa sauti, maana kwenye ujumbe wa maandishi kila mtu hujibu "niko poa, mwalimu".

Transkripti itoke chuo cha nje moja kwa moja kwa Msajili, na nakala kwako. Ilinganishe na jedwali la mwisho kabla haijapelekwa bodi ya kitivo, kisha fuatilia mpaka seneti ipitishe na mfumo usome krediti zote 60. Kaa na mwanafunzi mbele ya kompyuta mhakikishe pamoja, kozi kwa kozi. Muhtasari wa kila kozi uliokubaliwa ubaki kwenye faili la idara, pamoja na jina la mhadhiri aliyeupitia, ili mwombaji wa mwaka ujao akija aanze na kozi ambazo zimekwisha linganishwa.